Msitutoe Nje Kikao Kinapoanza: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Ustawi wa Watoto

Kwa waheshimiwa mawaziri, wakuu wa idara za ustawi wa jamii, mahakimu wa mahakama za watoto, na kila mwenye kalamu inayoamua mtoto alale wapi.

YAH: WAZAZI TULIOPITIA MFUMO HUU KUSHIRIKISHWA KATIKA KUUREKEBISHA

Waheshimiwa,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Kwa miezi 14 wanangu hawakulala nyumbani kwangu. Walichukuliwa jioni moja, mkubwa akiwa na miaka 7 na mdogo miaka 4, wakapelekwa kwa walezi wa muda, na siku chache baadaye hakimu akaidhinisha. Walirudi. Sasa mkubwa amenipita kimo. Tangu waliporudi nimekuwa nikiwasindikiza wazazi wengine katika njia ile ile, mahakamani, kwenye vikao vya tathmini, kwenye vyumba vya kuonana na watoto, na ninayoyaona huko ndiyo yaliyonikalisha chini niandike.

Nianze na jambo ambalo wengi wetu huogopa kulisema. Sikuonewa, si kwa yote. Mume wangu alikuwa amefariki, nilikuwa nikifanya kazi za usiku, nikaanza kunywa pombe ili nipate usingizi wa mchana, na mwisho nikawa nanywa hata siku ambazo sikuwa na zamu. Mtoto wa miaka 7 alikuwa akimlea wa miaka 4 usiku kucha. Jirani aliyetoa taarifa alifanya lililompasa. Nilikwenda kumwambia hivyo, ingawa ilinichukua miaka miwili kupata ujasiri wa kubisha hodi kwake. Kwa hiyo siandiki kuwaomba mzifunge ofisi zenu. Zipo nyumba ambazo mtoto hapaswi kulala hata usiku mmoja zaidi, na ya kwangu ilikuwa inaelekea huko.

Ninaloandika ni hili: mnapokaa kuurekebisha mfumo, sisi tulioupitia hatumo chumbani. Na kwa kuwa hatumo, makosa yale yale yanaandikwa upya kila mwaka kwa wino mpya.

Gari lilipoondoka na wanangu nilibaki mlangoni nimeshika karatasi. Ilikuwa na namba ya shauri, jina la mahakama na tarehe. Haikuwa na jibu la swali moja lililokuwa likinichoma: wanalala wapi leo? Nilipoingia ndani nikaiona inhela ya pumu ya yule mkubwa iko juu ya kabati, pale tunapoiweka siku zote ili mdogo asiifikie. Hakuna aliyeniuliza kama mtoto ana maradhi. Nilipiga namba iliyokuwa kwenye karatasi. Ilikuwa ya ofisini, na ofisi ilikuwa imeshafungwa. Asubuhi nikapiga tena, nikaambiwa ofisa wangu ametoka kikazi. Siku ya tatu ndipo alipokuja kuichukua. Mungu alimlinda mwanangu, hakubanwa na kifua siku zile.

Yule ofisa simlaumu. Alikuwa na mafaili mengi kuliko saa za siku, na nilimwona uso wake alipoipokea ile inhela, alishtuka kweli. Fomu aliyopewa haikuwa na swali hilo. Aliyeitunga alifikiria kila kitu ambacho mahakama ingetaka kujua, akasahau kile ambacho mtoto angehitaji saa tatu usiku. Mzazi yeyote aliyewahi kubaki mlangoni namna ile angelikumbuka kabla ya mengine yote. Waliosema uchungu wa mwana aujuaye mzazi walisema kweli, nami nitaongeza kwamba uchungu huo hubeba taarifa. Ndani yake mna dawa zake, mna hofu yake ya giza, mna jina la utani analoitikia anapogoma, mna namna ya kumtuliza asipate homa kwa kulia. Mfumo unaomlinda mtoto kwa kumtenga na mzazi wake unazitenga taarifa hizo pia, isipokuwa pawe na mtu aliyepangiwa kuuliza.

Halafu lilikuja suala la kuonana nao. Nilipangiwa saa moja kwa wiki, siku ya Jumatano saa 10 alasiri. Mpango wangu wa huduma, ule ambao nilipaswa kuutimiza ndipo warudishwe, uliniagiza kuhudhuria darasa la malezi. Siku yake: Jumatano, saa 9 hadi saa 11, upande wa pili wa mji. Watu wawili walipanga ratiba hizo katika ofisi mbili, kila mmoja akiwa na nia njema, na hawakuwa wamezungumza. Nikiondoka darasani mapema niwawahi wanangu, mwalimu anaandika kwamba sikamilishi vipindi. Nikibaki darasani, msimamizi wa chumba cha kuonana anaandika "mama hakufika". Hakimu alizisoma ripoti zote mbili siku moja akaniuliza kama kweli nina nia ya kurudishiwa watoto. Nilisimama pale nikakosa neno. Wakili niliyepangiwa nilikuwa nimekutana naye kwenye korido dakika 10 kabla ya kuingia.

Aliyelifungua fundo lile hakuwa wakili wala ofisa. Alikuwa mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja nje ya mahakama. Watoto wake walikuwa wamerudi miaka miwili nyuma, na siku hiyo alikuwa amemsindikiza shemeji yake. Aliniona nalia akasema, "Hebu nipe karatasi zako zote." Akaziweka moja juu ya nyingine magotini kwake, akaweka kidole kwenye Jumatano ya juu, kisha kwenye Jumatano ya chini. "Omba kwa barua wakubadilishie siku ya darasa," akaniambia. "Usiombe kwa mdomo. Nakala mpe wakili, nakala baki nayo." Haikufika hata dakika moja. Wiki mbili baadaye darasa langu likahamishiwa Jumamosi, na tangu siku hiyo sikukosa kuwaona wanangu hata mara moja.

Waheshimiwa, mama yule hakuwa ameajiriwa na yeyote. Hakuwa na kitambulisho wala kiti kwenye ofisi yoyote. Shauri langu liligeuzwa na bahati ya kukaa benchi fulani, siku fulani. Ninaowasindikiza leo nao wanategemea bahati hiyo hiyo, ila sasa bahati yenyewe ni mimi na wenzangu wachache, tunaokwenda kwa nauli zetu baada ya kazi.

Kuna jambo jingine kuhusu vyumba vile vya kuonana, nami nitakaa hapo kidogo kwa sababu ndipo mashauri mengi yanapopotea. Yule mdogo alikuwa akilia kila saa yetu ilipokwisha. Alikuwa akinishika nguo hadi abanduliwe vidole. Aliporudi kwa walezi wake alikataa kula, usiku akakojoa kitandani. Katika ripoti iliandikwa kwamba mtoto "huonyesha msukosuko baada ya kuonana na mama", na likatolewa pendekezo tuonane mara moja kila wiki mbili. Sisi tuliopitia tukisikia sentensi hiyo tunajua mara moja inasema nini. Mtoto anayelia wakati wa kuachana anatuambia kwamba kuna kitu anaogopa kukipoteza. Wa kuogopewa zaidi ni yule ambaye ameacha kulia. Alihitaji kuniona zaidi, na mlezi wake alihitaji kuelezwa kwamba usiku wa Jumatano utakuwa mgumu, kwa nini utakuwa mgumu, na afanye nini. Mlezi yule alikuwa mtu mwema. Tulipokuja kuruhusiwa kuzungumza kwa simu, aliniuliza mwenyewe wimbo gani nilikuwa nikimwimbia, akawa anamwimbia. Hakuna kikao kilichopendekeza hilo. Lilitoka kwetu wawili.

Hili la watoto kuonana na wazazi limefika hata katika mahakama kubwa. Mwezi Septemba 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ikiketi na majaji 17, iliamua shauri la mama mmoja dhidi ya Norway, ambaye mwanawe alikuwa ameasiliwa na walezi wake pasipo ridhaa yake. Mahakama iliona kwamba haki ya maisha ya kifamilia ilivunjwa, na moja ya mambo iliyoyataja ni kwamba mama na mtoto waliruhusiwa kuonana mara chache mno, hivi kwamba ushahidi uliotokana na kuonana huko haukutosha kujengea uamuzi mzito kiasi kile. Naomba kila anayepunguza saa za mzazi aikumbuke hoja hiyo: ukimpa mama nafasi finyu ya kuonekana, usije baadaye ukasema hukuona kitu.

Mtaniuliza, sheria inasemaje? Sheria iko upande wa tunachoomba kwa muda mrefu sasa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika Ibara ya 9, unaruhusu mtoto kutenganishwa na wazazi wake pale mamlaka husika zinapoamua, kwa mujibu wa sheria na kwa uwezekano wa kupitiwa na mahakama, kwamba ni lazima kwa manufaa yake. Ibara hiyo hiyo inataka wote wanaohusika wapewe nafasi ya kushiriki katika shauri na kutoa maoni yao. Ibara ya 18 inazitaka nchi ziwasaidie wazazi katika wajibu wao wa kulea. Na Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya Malezi Mbadala ya Watoto, iliyopokelewa na Baraza Kuu mwaka 2009, inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe kamwe sababu ya kumwondoa mtoto nyumbani. Uwe ishara kwamba familia inahitaji msaada. Nimewasindikiza wazazi ambao kosa lao kwenye faili liliitwa "kutelekeza", na nilipoingia nyumbani nikakuta paa linavuja na mama amelala njaa ili watoto wale. Neno moja kwenye fomu linabeba mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Tukiwamo chumbani siku fomu inapotungwa, tutawaomba mtenganishe hayo mawili, na tunajua mstari upite wapi.

Ipo nchi iliyolichukua suala hili mbali kuliko nyingi. New Zealand, mwaka 1986, kamati iliyokuwa imezunguka kuwasikiliza Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, katika viwanja vyao vya mikutano ilitoa ripoti iitwayo Puao-te-Ata-Tu, kuhusu jinsi idara ya ustawi wa jamii ilivyokuwa ikiwachukua watoto wao pasipo kuwauliza wazee, shangazi na mabibi. Kutokana na kilio hicho, sheria ya mwaka 1989 ikaweka kikao cha ukoo: kabla mambo hayajafika mbali, familia pana huitwa, huelezwa wasiwasi uliopo juu ya mtoto, kisha huachwa peke yake itafute mpango. Maofisa hutoka nje. Sisemi kwamba nchi ile imemaliza matatizo yake. Watoto wa Kimaori bado wanaondolewa kwa wingi kuliko wengine, na wenyewe wanaendelea kulipigania hilo. Ila wazo la ofisa kusimama kwenye korido wakati familia inafikiri, mimi nililiposikia mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda mrefu. Maana mimi nimezoea kinyume chake.

Miaka mitatu baada ya wanangu kurudi nilialikwa kwenye mkutano wa wadau wa ulinzi wa mtoto. Nilipewa dakika 7 nisimulie. Nikasimulia mlango, karatasi na inhela. Watu walifuta machozi, wakanipigia makofi, nikapewa cheti chenye jina langu. Baada ya mapumziko mshereheshaji akatangaza kwamba kikao cha mapendekezo ni cha wajumbe tu, akatushukuru sana. Tulikuwa wazazi watatu. Tukatoka tukakaa kwenye ngazi tukisubiri usafiri, mlango ukafungwa nyuma yetu.

Baadaye nilipata nakala ya utaratibu mpya wa kuonana na watoto uliotoka kwenye kikao kile. Uliandikwa kwa lugha nzuri, na mambo kadhaa ndani yake yalikuwa maendeleo kweli. Lakini ile kanuni ya zamani ilikuwa bado ipo, kwamba mzazi akichelewa dakika 15 mtoto anarudishwa na saa yao inafutwa. Kati ya sisi watatu tuliokaa kwenye ngazi, hakuna ambaye hakuwahi kupoteza saa kwa kanuni hiyo. Mmoja wetu alimwona mwanawe kupitia kioo cha gari likitoka getini. Tulikuwa hatua 20 kutoka kwenye meza ambapo kanuni hiyo ilipitishwa tena, na hakuna aliyefungua mlango kutuuliza.

Ninaposema tushirikishwe, basi, namaanisha baada ya mlango kufungwa. Masimulizi yetu mnayo ya kutosha. Kila mkutano unatafuta mzazi mpya wa kulia jukwaani, na kila mara mzazi huyo anarudi nyumbani usiku akiwa amefunguliwa kidonda bila mtu wa kukifunga. Tumechoka kuwa watu wa kuwaandalia moyo kabla ya kazi kuanza. Tunataka kuwa sehemu ya kazi yenyewe: rasimu inapoandikwa tuwe tunaisoma, kura inapopigwa mkono wetu uhesabiwe, maofisa wapya wanapofundishwa mmoja wetu awe mwalimu.

Na mtu wa kwanza kumfikia mzazi baada ya watoto kuchukuliwa awe mwenzake aliyewahi kubaki mlangoni. Hili ndilo ningeomba kama ningeruhusiwa ombi moja tu. Siku 3 za mwanzo ndizo zinazoamua mengi. Katika siku hizo wengi hutukana ofisa, au hukimbia, au hunywa, na kila kimoja kinaingia kwenye faili na kukaa humo hadi mwisho. Mimi nilikunywa. Kama angekuja mtu akaniambia, "Nami walichukua wangu, sasa wako nyumbani, oga, kesho tunaanza," nadhani nisingelala na chupa usiku ule. Ofisa hawezi kuniambia maneno hayo hata akiwa malaika, kwa sababu yeye ndiye aliyekuja na gari.

Mpango wa namna hiyo upo na umepimwa. Katika jimbo la Iowa, Marekani, wazazi walioondolewa watoto na kurudishiwa hufunzwa, kisha huunganishwa na wazazi ambao mashauri yao yanaanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto ambao wazazi wao walikuwa na mwenza wa aina hiyo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi nyumbani, na baada ya kurudi, uwezekano wa kuondolewa tena ndani ya miezi 12 ulikuwa mdogo. Mwaka huo huo ukatoka utafiti mwingine kutoka jiji la New York, uliofuatilia watoto zaidi ya 18,000. Walilinganisha wazazi waliotetewa na wakili anayefanya kazi peke yake na wale waliotetewa na ofisi zenye wakili, mtaalamu wa ustawi wa jamii na mzazi mtetezi, mara nyingi aliyewahi kuupitia mfumo mwenyewe, kwa pamoja. Katika miaka minne iliyofuata kufunguliwa kwa shauri, watoto wa kundi la pili walikaa kwenye malezi ya muda siku 118 pungufu kwa wastani. Na usalama wao haukupungua: hapakuwa na tofauti katika uwezekano wa mtoto kutendewa ukatili au kutelekezwa tena.

Siku 118. Nilipoisoma namba hiyo nilihesabu kwenye kalenda. Kwa mtoto wa miaka 4 huo ni muda wa kusahau harufu ya nyumba yao.

Najua hofu iliyopo, na ni hofu halali: je, mzazi hatamtetea mzazi mwenzake hata pale mtoto anapokuwa hatarini? Nawajibu kwa nilichokifanya. Mama mmoja niliyekuwa nikimsindikiza aliniomba nisiseme kwamba mwanamume aliyekuwa akimpiga mtoto amerudi kuishi naye. Nilimwambia nitasema, na nitasema yeye akiwepo, na nitakaa naye baada ya kusema. Alinichukia kwa miezi kadhaa. Watoto wake hawakurudi mwaka ule, na hawakupaswa kurudi mwaka ule. Hakuna mtu mgumu kudanganywa na mlevi kama mlevi aliyeacha. Maneno ambayo ofisa angeyaogopa kuyatamka, mimi nayasema nikiwa nimemshika mkono, na anayasikia kwa sababu anajua niliwahi kuambiwa hayo hayo.

Kuna na suala la saa, yaani muda anaopewa mzazi kisheria. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1997 inaitaka ofisi ya ustawi wa watoto, isipokuwa kwa sababu maalumu, kuanza shauri la kumwondolea mzazi haki zake pale mtoto anapokuwa amekaa kwenye malezi ya muda miezi 15 kati ya 22 ya karibuni. Nchi nyingine zina saa zao. Naelewa kwa nini zimewekwa. Mtoto hawezi kusubiri milele mtu mzima ajitengeneze. Lakini mimi nilisubiri miezi minne kupata nafasi ya matibabu ya uraibu, na miezi hiyo minne ilihesabiwa juu yangu kana kwamba nilikuwa nimekataa kwenda. Mzazi aliyepitia foleni hiyo angekuuliza swali moja tu kabla hujapitisha muda wowote: saa inaanza kuhesabu siku mtoto alipoondoka, au siku nafasi ya matibabu ilipopatikana?

Mkikubali kutuita, naomba msituite mmoja mmoja. Mzazi mmoja kati ya wataalamu 12 hunyamaza, nami nimewahi kunyamaza. Tuwe angalau watatu. Muwaite na akina baba, kwani katika mafaili mengi niliyoyaona baba ni mstari mtupu, hata pale anapojulikana na anapotaka kulea. Na muwaite pia wale ambao watoto wao hawakurudi. Hao hawaalikwi kamwe, maana hadithi yao haina mwisho wa kupigiwa makofi, lakini wanajua sehemu za mfumo ambazo sisi tuliorudishiwa hatukufika. Vijana waliokulia kwenye malezi ya muda nao wana kiti chao, na kiti hicho si chetu. Mtu asije akawaondoa wao ili atuweke sisi. Scotland, katika tathmini yao huru ya mfumo wa malezi iliyokamilika mwaka 2020, walikusanya sauti zaidi ya 5,500, na zaidi ya nusu zilikuwa za watoto, watu wazima waliolelewa humo, na familia. Nafasi ya wote ilipatikana.

Mtulipe. Hili nitalisema bila kuzunguka, kwa sababu nimeona linavyowatia watu aibu. Kila aliyekaa kwenye kikao kile nyuma ya mlango alikuwa kazini siku ile. Mzazi anaacha kibarua, anatafuta wa kukaa na watoto, anakuja kutoa ujuzi ambao hauuzwi chuo chochote, kisha anapewa nauli na shukrani. Tena katika mifumo mingi, rekodi ile ile inayotupa ujuzi huu ndiyo inayotuzuia kuajiriwa nao. Jina likiisha kuandikwa kwenye daftari la waliowahi kuwakosea watoto, mara nyingi halifutiki hata baada ya hakimu mwenyewe kukurudishia wanao. Kama mahakama imeniamini kulala nyumba moja na wanangu, ofisi inaweza kuniamini kukaa na mama mwingine kwenye benchi. Pitieni kanuni hizo, kila jina kwa shauri lake. Na mzazi ambaye shauri lake bado liko wazi, akitoa maoni kuhusu mfumo, maoni hayo yasionekane kwenye faili lake. Nimewaona wakiogopa kusema hata kwamba chumba cha kuonana hakina kiti cha mtoto.

Nimeambatanisha na barua hii ukurasa mmoja. Tumeuandika wazazi tisa, jioni nne, kwa ajili ya ofisa anayekwenda kumchukua mtoto. Una maswali matano ya kumuuliza mzazi pale pale mlangoni, hata kama anapiga kelele, hata kama amelewa, kwa sababu hata mlevi anajua majibu yake. Mtoto anatumia dawa gani, na iko wapi sasa hivi? Analala na taa au gizani? Ni nani akimwita hutulia? Anaogopa nini? Na la tano: ungependa aambiwe nini usiku huu?

Unaweza kujazwa kwa dakika tano. Hauhitaji bajeti wala sheria mpya. Unahitaji sahihi ya mmoja wenu. Nafasi ya jibu la swali la tano tumeiacha kubwa, nusu nzima ya ukurasa. Mwanzo tuliweka mistari miwili. Tulipojijaribia sisi wenyewe, kila mmoja akikumbuka usiku wake, hakuna aliyetoshewa.

Wenu katika kuwajali watoto,

Mama wa watoto wawili, mzazi msindikizaji